Vidudu vya Lambo na Chakula Chao

Wasikilizaji wetu, katika nchi kavu kama Sepuka, Singida, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo maji ya lambo ni mali. Humo mna vidudu vidogo mno, vilavyo chembe za kijani. Je, kimoja hula kiasi gani?

Twachuja maji kwa kitambaa kizuiacho vidudu na kupitisha chembe. Twajaza chupa mbili sawasawa. Katika moja twatia vidudu 10. Baada ya saa 4 gizani, twahesabu chembe kwa hadubini. Tuseme chupa isiyo na vidudu ina chembe 800,000, na ya pili 600,000: basi kila kidudu kimekula 5,000 kwa saa.

Samaki wakizidi, huvimaliza vidudu, na maji huzidi ukijani. Basi na tupime kwanza, ndipo tupandikize samaki.