Ukuta wa Siena na mzabibu uliopogolewa

Ndugu msomaji, ukifika Siena, Italia, utauona karibu na Kanisa Kuu ukuta mrefu uliosimama bila kanisa nyuma yake. Mwaka 1339 wenyeji waliamua kulipanua kanisa lao liwe kubwa ajabu. Mwaka 1348 ikaja tauni, ikaua sehemu kubwa ya watu, na ujenzi ukakwama hadi leo.

Sasa toka nje ya mji, uelekee kaskazini kwenye vilima vya Chianti. Wakati wa baridi wakulima hupogoa mizabibu hadi ukadhani shamba limekufa. Usipopogolewa, mzabibu humaliza nguvu zake kwenye majani. Yesu alitufundisha kwa mfano huohuo (rej. Yn 15:1-8).

Sisemi kwamba Mungu ndiye aliyeleta tauni. Nasema hakuiacha Siena. Mwaka 1347 alizaliwa humo Katarina, binti wa mtia rangi vitambaa. Tauni iliporudi mwaka 1374, aliwauguza wagonjwa. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Ukuta haukuendelea, utakatifu uliendelea.

Huenda nawe una ukuta wako: nyumba iliyoishia kwenye lenta, masomo yaliyokatika, mtoto uliyemzika. Lia, maana hata Bwana alilia. Kisha jiulize: je, bado nimeshikamana na shina? Tawi lililopunguzwa likabaki kwenye shina, huchipua. Lililojitenga hukauka, hata kama leo lina majani mabichi.

Nakutakia Dominika njema.