Mlango wa Soko na Mwenye Ufunguo

Ndugu wafanyakazi, msaada wa kigeni hauji siku zote kwa magunia ya unga au hundi ya benki. Mara nyingine huja kama mlango wa soko, na ufunguo hubaki kwa mtoaji.

Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ya AGOA, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Masharti yaliwekwa: kufuata soko huria, kuondoa vizuizi kwa biashara ya Marekani, kulinda haki za wafanyakazi. Mwamuzi wa nani ametimiza ni Rais wa Marekani.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipate kupumua. Rwanda ikapandisha ushuru wa caguwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani, SMART, kikaishtaki Afrika Mashariki kwa serikali yao. Kenya ikarudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata.

Tusiwacheke. Kenya ilikuwa ikiuza Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, na maelfu ya washonaji, wengi wao Athi River, walikula kwa kazi hiyo. Rwanda iliuza kidogo mno, ndiyo maana iliweza kukataa. Aliyeutegemea mlango zaidi ndiye aliyefungwa mdomo.

Tarehe 30 Julai 2018 Rais Trump aliiondolea Rwanda nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hapa Kigali muuza caguwa alikuwa amekwisha kuumia tangu ushuru ulipopanda, pamoja na mnunuzi wa mshahara mdogo (na wengi wetu ndio hao).

Linalotukera hasa ni jingine. Sheria ile inataja haki za wafanyakazi waziwazi, hata kima cha chini cha mshahara. Mwaka huohuo wa 2018 kima cha chini cha Rwanda kilikuwa bado faranga 100 kwa siku, kiwango cha miongo mingi nyuma, na sheria mpya ya kazi ya Agosti ikamwachia waziri apange kingine kwa amri. Lakini mlango haukufungwa kwa ajili ya faranga 100. Ulifungwa kwa ajili ya marobota ya mitumba.