Kura ya Aliyesahau Hoja

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ambayo kila anayewahudumia wazee angefaidika kuyajua. Waliwaeleza misimamo ya wagombea watu ambao hipokampasi zao, yaani sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, zilikuwa zimeharibika. Baadaye wagonjwa hao hawakuweza kukumbuka walichoelezwa. Hata hivyo, walipotakiwa kuchagua, walielekea kumpigia kura mgombea ambaye misimamo yake ilikaribiana na yao. Hoja zilikuwa zimefutika, lakini hukumu iliyozaliwa na hoja hizo ilibaki, katika umbo la kuvutiwa na huyu na kutovutiwa na yule.

Tumezoea kuwagawa wapiga kura katika mafungu mawili, wenye jazba na wenye akili, na kila mmoja wetu hujiweka katika fungu la pili. Wagonjwa wale wanautilia shaka mgawanyo huo. Kwao hisia ilikuwa ghala ambamo akili iliweka mavuno yake.

Daktari Antonio Damasio, katika kitabu alichokitoa mwaka 1994, alieleza upande wa pili wa jambo hili. Mgonjwa mmoja aliyeharibika sehemu ya mbele na ya chini ya ubongo alipewa tarehe mbili achague moja ya kurudi kliniki. Akatoa shajara yake, akaanza kupima: shughuli nyingine, ukaribu wa miadi mingine, hata hali ya hewa. Nusu saa ilikaribia kwisha bila jibu. Daktari alipomwambia aje tarehe ya pili, akakubali papo hapo. Hakuna kilichokosekana katika hoja zake. Kilichokosekana ni ule msukumo wa ndani unaomwambia mtu kwamba sasa yatosha, hili ni bora kuliko lile. Anayemtaka mpiga kura aweke moyo wake nje ya kituo cha kura anaomba jambo ambalo ubongo mzima hauliwezi.

Haina maana kwamba kila hisia ni mshauri mwema. Mwaka 2005 Alexander Todorov na wenzake wa Princeton waliwaonyesha watu picha za wagombea wa Seneti ya Marekani wasiowafahamu, wakawauliza nani anaonekana mwenye uwezo zaidi. Sura iliyochaguliwa ilikuwa ya mshindi katika takriban asilimia 70 ya chaguzi hizo. Baadaye, mwaka 2009, ikachapishwa habari ya watoto wa Uswisi walioulizwa ni nani kati ya watu wawili wangemtaka awe nahodha wa mashua yao. Watu hao walikuwa wagombea ubunge wa Ufaransa, na watoto nao wakabahatisha washindi kwa kiwango kama hicho. (Mtu aliyesimama juani saa tatu akisubiri zamu yake ya kupiga kura hafurahii kusoma habari hii.)

Wasiwasi nao una sura nyingine. George Marcus na Michael MacKuen walionyesha mwaka 1993 kwamba mpiga kura mwenye wasiwasi hutafuta habari zaidi na hulegeza mazoea ya chama chake, ilhali shauku humfanya ajihusishe zaidi na kampeni. Basi hofu, inayolaumiwa sana majukwaani, mara nyingine ndiyo inayoiamsha akili.

Kwa wasomaji wa jarida hili suala halikomei maabara. Ibara ya 5 ya Katiba ya Tanzania inaliruhusu Bunge kumzuia raia kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalinda haki yao ya kupiga kura katika kifungu cha 29. Katikati ya maandiko hayo mawili amesimama muuguzi anayeulizwa na familia: bibi hakumbuki hata alichokula asubuhi, tumpeleke kituoni kwa faida gani?

Wagonjwa wa utafiti ule hawakuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao huharibu mengi zaidi ya kumbukumbu, kwa hiyo matokeo yao hayatoshi kumpa bibi huyo cheti. Yanatosha, kwa maoni yangu, kuiondoa sababu iliyotajwa na familia. Kusahau peke yake si kipimo. Mwenye afya haombwi mlangoni ataje hoja tatu kabla ya kupewa karatasi, na wengi wetu tungeshindwa. Aelezwe taratibu, asubuhi akiwa hajachoka, kwa maneno machache, apewe nafasi ya kujibu kwa namna anayoiweza. Akihitaji mtu wa kumsaidia kituoni, kazi ya mtu huyo ni kumsomea majina na kutia alama anapoelekezwa. Bibi akinyamaza, msaidizi hana la kutia.