Fahamu: Mgongo ukiuma, usikimbilie kitandani
Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Takriban tisa kati ya kumi hawakutwi na chanzo mahususi, si mfupa uliovunjika wala uvimbe. Maumivu yao ni ya kweli, lakini eksirei wanayoidai mapema haiwasaidii sana: diski zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa.

Ushauri wa kulala chali wiki nzima umepitwa na wakati, maana misuli isiyotumika hudhoofika na mgongo hukakamaa. Tembea, hata kama ni hadi dukani na kurudi. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu unapendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni (wenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo wamwone daktari kwanza). Mikanda ya kiuno, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa, haikupendekezwa. Wauzaji hawatafurahi.

Wahi hospitali ukishindwa kuzuia mkojo au kujisaidia, ukipata ganzi sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo visipuuzwe. Kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na hicho hutibiwa kwa dawa za miezi kadhaa, si kwa kukandwa.