VPN mbili kwenye simu moja: je, siri yako inalindwa mara mbili?

Msikilizaji, tangu mtandao wa X ulipozuiwa nchini Mei 2025, neno VPN limekuwa la kawaida vijiweni, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na hata huko kijijini. Swali linalofuata ni hili: nikipakua VPN za kampuni mbili tofauti, nitajificha mara mbili?

Tuanze na moja. Ukiwasha VPN, mawasiliano yako hufungwa ili kampuni ya simu isiweze kuyasoma, kisha hupitia kompyuta za kampuni ya VPN kabla ya kufika unakotaka. Kampuni ya simu inaona tu kwamba unatumia VPN. Lakini sasa mwenye VPN ndiye anayeona tovuti unazotembelea. Hujaliondoa jicho, umelihamisha.

Ndiyo maana wengine hutaka mbili. Ni kama kutuma mzigo kwa bodaboda wawili wanaopokezana: wa kwanza anakujua wewe ila hajui mzigo unaishia wapi; wa pili anajua unakoishia ila hakujui wewe.

Wazo ni zuri, ila simu nyingi huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwasha ya pili, ya kwanza inazimika. Kuziunganisha kunahitaji vifaa zaidi, kwa mfano kompyuta yenye VPN yake iliyounganishwa na ruta yenye VPN nyingine. Hapo intaneti inakuwa nzito na bando linaliwa zaidi. Zipo kampuni zinazouza "VPN mara mbili" ndani ya programu moja, lakini hao ni bodaboda wawili wenye bosi mmoja.

Hatari kubwa zaidi ni VPN za bure. Onavo Protect ilitangazwa kuwa inalinda watumiaji, kumbe mmiliki wake, Facebook, aliitumia kukusanya taarifa za programu walizotumia watu. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. Ukipakua mbili za aina hiyo, umeongeza wapelelezi.

Kumbuka pia: ukiingia Facebook kwa jina lako, Facebook inakujua hata ukiwa na VPN kumi. Na intaneti yenyewe ikikatwa, kama ilivyotokea siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, VPN haina pa kupita.

Usisahau sheria. Oktoba 2023, TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 nazo zinakataza kutumia teknolojia kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kutafuta ya pili, ichunguze ya kwanza: mmiliki wake ni nani, na kama hulipi, yeye anapata wapi hela? Ukikosa jibu, ifute.