Chombo Kikiacha Bahari

Jahazi likishazeeka, mwenyewe husubiri bamvua. Maji yakijaa mpaka juu ya mchanga, vijana hulivuta hadi pale ambapo maji ya siku za kawaida hayafiki, nalo hulala ubavu. Matondoni katika kisiwa cha Lamu, au Nungwi kaskazini mwa Unguja, vijiji vinavyosifika kwa waunda vyombo, mgeni huliona akadhani limetupwa. Wenyeji wanajua kuwa kuna watu wameshaanza kulitolea macho.

Kwanza huondolewa tanga, foromali, mlingoti na usukani. Mlingoti mzima huhamia chombo kingine. Uliooza hukatwa ukawa nguzo ya banda. Kisha fundi huingia na mtaimbo na nyundo kung'oa misumari, na hapo ndipo subira inapopimwa. Misumari ya chombo ni mirefu, na mingi huzungushiwa pamba kabla ya kugongwa ili maji yasipenye. Kila mmoja ukitoka huacha tundu na doa jeusi, maana chuma kikikaa katika mbao yenye maji huipaka weusi usiofutika. Akiusahau mmoja ndani, msumari huo utang'oa meno ya msumeno.

Mbao zenyewe zinastahili taabu hiyo. Mvule, msaji na mbambakofi ni miti migumu, inayohimili maji na kuwatia taabu mchwa, na siku hizi mbao pana za miti hiyo ni ghali na adimu. Hata hivyo, ubao uliotoka baharini haufai kuingizwa nyumbani upesi. Chumvi huvuta unyevu na kuitia kutu misumari mipya. Afadhali mvua za masika ziuoshe kwanza, kisha ukaushwe kivulini taratibu usije ukapasuka.

Uzuri mkubwa uko kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Hizo hazikukunjwa kwa nguvu: mwunda chombo alizitafuta porini na mashambani katika matawi yaliyoota yamepinda, ya mwembe au mtondoo, ili nyuzi za mti zifuate pindo na zisikatike. Ndiyo maana taruma kuukuu huwa na nguvu ambayo ubao wa dukani, uliochongwa mpaka ukapinda, hauwezi kuwa nayo. Fundi wa samani hulitazama pindo kwanza, kisha ndipo aamue: hili mkono wa kiti, lile mguu wa meza, lile jingine la kushikilia rafu ukutani. Huu ni ufundi wa kutii mti, na ni haki uheshimiwe sawa na ule wa kuunda chombo chenyewe.

Vipande vidogo navyo vina wenyewe. Kimoja huwa mbuzi ya kukunia nazi, kingine kigoda cha jikoni au kizingiti cha banda la kuku. Mtumbwi uliopasuka hufaa kuwa hori la kulishia punda na ng'ombe. Kinachobaki huingia mekoni.

Desturi hii haiishii pwani ya mchanga. Katika majumba ya mawe ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua vyumba viwe vyembamba. Paa likianguka, boriti nzima huokolewa; iliyooza ncha hufupishwa ikapelekwa kwenye ujia au chooni, penye upana mdogo. Sababu ya kuokoa imeongezeka. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na Februari 2018 ikasimamisha kwa muda ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, mikoko ikiwemo.

Siku hizi wanunuzi wapya wamejitokeza. Mahoteli hutaka fremu za vioo, meza na vitanda vya mbao za jahazi, na hupenda rangi iliyobanduka, buluu juu ya nyekundu, ibaki kama ilivyo pamoja na matundu ya misumari. Wenyeji wengi hupendelea kupiga randa, kuziba matundu na kupaka vanishi, kwa sababu wanataka meza inayofutika vizuri baada ya chakula. Ladha zote mbili zinampatia fundi riziki. Wasiwasi ni bei: hoteli ikishindana na jirani kwa ubao mmoja wa mvule, jirani hashindi, na akina mama waliozoea kuagiza mbuzi na vigoda hupewa mbao laini ya msonobari, isiyodumu katika unyevu wa pwani.