Mtu Akiachishwa Kazi Pasipo Haki, Afanye Nini?

Wazee wa Kenya waliotumika kazi kabla ya mwaka 1947 walikijua vyema kipande, ile hati iliyotiwa katika mkebe wa chuma na kuvaliwa shingoni. Mtu alipoacha kazi ilikuwa lazima mwajiri atie sahihi katika kipande chake. Asipotia, mtu yule alipata taabu kuandikwa kazi kwingine. Kalamu ya mwajiri ndiyo iliyokuwa neno la mwisho. Kipande kilifutwa, lakini hata leo wako wengi wanaodhani kuwa mtu akipigwa kalamu hana la kujibu. Sivyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 2008, yampa mwajiri uwezo wa kumwachisha mtu kazi kwa masharti mawili: awe na sababu ya kweli na ya haki, na afuate utaratibu wa haki. Likikosekana sharti moja, mfanyakazi ana njia ya kudai.

Mfano wake ni huu. Mlinzi wa ghala la mahindi afika kazini jioni, akaambiwa langoni kuwa magunia matatu hayaonekani na kwamba asirudi tena. Hakuulizwa neno. Wizi ni kosa liwezalo kumwondoa mtu mara moja pasipo notisi. Hata hivyo yampasa mwajiri kwanza amweleze mlinzi shtaka lake kwa lugha anayoifahamu, kisha amsikilize. Mlinzi naye ana ruhusa ya kumchagua mfanyakazi mwenzake, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi mahali pale, awepo wakati huo. Labda usiku ule haukuwa wa zamu yake. Labda ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine. Mambo hayo hayajulikani mpaka mtu asikilizwe. Mlinzi akienda zake kimya, atapoteza kazi, na jina la mwizi litamfuata.

Ziko sababu ambazo sheria haizikubali kamwe. Mwanamke hawezi kuondolewa kwa kuwa ana mimba. Wala mtu hawezi kuondolewa kwa ajili ya kabila lake, dini yake, kuingia chama cha wafanyakazi, au kumshtaki mwajiri wake.

Mtu wa mshahara wa mwezi, asipokuwa na kosa kubwa, hustahili notisi ya siku 28 kwa maandishi, au malipo badala yake. Hata aliyefukuzwa kwa kosa kubwa hulipwa siku alizofanya kazi. Kibarua naye asijidharau: akiwa ametumika mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, sheria yaweza kumhesabu kama mtu wa mwezi. Hapo kwanza aliyetumika chini ya miezi 13 hakuweza kulalamika kuwa ameachishwa pasipo haki, lakini mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kuwa sharti hilo lilipingana na Katiba.

Basi aliyeachishwa afanye nini? Kwanza, aandike siku ile, saa, jina la aliyemwondoa, na maneno aliyoambiwa. Aweke barua ya kuandikwa kazi, hati za mshahara, na majina ya mashahidi. Pili, aombe sababu kwa maandishi, na pia hati ya utumishi, ambayo ni haki yake kwa sheria. Tatu, aende kwa Afisa wa Kazi, ama peke yake ama pamoja na chama chake. Malalamiko hayo hupelekwa katika muda wa miezi mitatu tangu kufukuzwa.

Aidha, yuko huru kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu. Huko mfanyakazi huonyesha kuwa aliachishwa pasipo haki, naye mwajiri hutakiwa kuthibitisha sababu zake. Mahakama yaweza kuamuru alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kurudishwa kazini kwawezekana pia, lakini huamriwa kwa nadra, katika mambo ya pekee.

Jambo moja huwaponza wengi. Siku ya kuondoka, mtu hupewa fedha kidogo na karatasi isemayo kuwa amepokea haki zake zote na hana dai tena. Kwa kuwa ana shida, hutia sahihi au kidole gumba pasipo kusoma. Mahakama zimepata kuamua kuwa karatasi ya namna hiyo, ikitiwa sahihi kwa hiari, yaweza kumfungia mtu mlango wa kudai. Asiyejua kusoma na amtafute mtu mwaminifu amsomee kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Sheria haimlindi mvivu wala mwizi, bali yataka kila mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Lakini haki haimfuati mtu nyumbani kwake. Yeye ndiye atakayeitafuta, na ushahidi wake mkononi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.